Mchungaji anataka nisimame kanisani niseme nimesamehe. Naombeni ushauri

Mama Watatu, Kasese

Hamjambo wote. Mimi humu ni msomaji tu, kuandika sijazoea, mtanivumilia.

Ni mjane wa wiki ya saba. Tunakaa senta moja ndogo kwenye barabara ya kutoka Kasese kwenda Mpondwe. Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea, mageti na madirisha. Jumamosi moja, saa mbili usiku, alitoka kununua mkate wa chai ya asubuhi. Mbele ya duka kuna meza ya puli, na vijana wawili walikuwa wanagombania shilingi elfu moja ya mchezo. Mmoja akaenda kwao akarudi na panga. Aliyekuwa anamtafuta alikuwa ameshakimbia. Mume wangu ndio anatoka dukani, amempa mgongo.

Ndiyo hivyo, hakuna kingine. Kila anayekuja ananiuliza kulikuwa na nini kati yao: shamba, mwanamke, deni, siasa? Hakukuwa na kitu. Nadhani watu wanataka pawe na kitu ili wao walale usingizi.

Mkate niliuletewa na mtoto wa jirani. Kavera, mfuko wake wa plastiki, lilikuwa bado limefungwa fundo, safi, halina hata tone. Niliuweka juu ya kabati siku kumi na moja mpaka ukaota ukungu, mama mkwe akautoa nikiwa nimelala.

Usiku uleule vijana walivamia kwa mama wa yule kijana. Mwenyekiti wa kijiji (LC1) na shemeji yangu, kaka wa marehemu, walisimama mlangoni nyumba isichomwe. Lakini migomba yake yote ilifyekwa, mikungu michanga ikaachwa chini. Kijana mwenyewe alikamatwa kabla hakujakucha, yuko rumande. Siku ya mazishi kwaya ikaja kutuimbia. Mnajua utomvu wa mgomba hautoki kwenye nguo. Niliuona kwenye mashati ya waimbaji wawili.

Huyo mama tuko naye Umoja wa Akina Mama. Ndiye aliyenishika mgongo nilipokuwa najifungua mtoto wangu wa kwanza. Siku hizi anakwenda bombani giza likishaingia, maana wanawake wanamwondolea jerikeni kwenye foleni.

Sasa Alhamisi mchungaji amekuja. Jumapili ya wiki ijayo anaandaa ibada ya upatanisho, wageni watatoka dayosisi. Anataka nisimame mbele, nimshike mkono yule mama, niseme nimemsamehe mwanawe. Si mtu mbaya, mchungaji wetu. Kaburi alilichimba pamoja na vijana mpaka viganja vikachubuka. Anasema senta ikiniona mimi nimesamehe, hakuna atakayethubutu kumgusa yule mama. Nikamwambia sijui kama nimesamehe. Akasema, tamka kwanza, moyo utafuata.

Nikikataa ni dhambi? Na nikikataa halafu wakamchomea nyumba? Mkubwa wangu ana miaka tisa, jana kaniuliza: "Mama, tukimsamehe atarudi hapa kucheza puli?" Nikakosa jibu.

Boda wa Hima

Pole sana dada. Lakini msamaha wa nini? Panga alilichukua nyumbani kwao, mama mtu alikuwa wapi? Waliofyeka migomba walikuwa wapole sana. Mimi ningehama hilo kanisa kesho.

Mama Watatu

Mama mtu alikuwa kwetu. Tulikuwa tunapanga michango ya harusi ya binti wa mzee wa kanisa. Tuliusikia mlio pamoja.

Boda wa Hima

Basi nisamehe mimi. Nimeandika haraka.

Mtumishi wa Bwana

Bwana asifiwe mama. Usilie kama wasio na tumaini. Mungu ana makusudi yake, na mumeo sasa ni shahidi wa imani kama wale waliouawa Namugongo. Damu yake itazaa uamsho hapo kwenu. Simama, utamke, Shetani aaibike!

Katekista Mstaafu

Mtumishi, ngoja kidogo. Mimi nimefundisha ubatizo na kipaimara miaka mingi, na kila tarehe 3 Juni naeleza habari za Namugongo. Wale wa mwaka 1886 waliulizwa juu ya imani yao, wakajua gharama, wakachagua. Marehemu hakuulizwa kitu. Alikuwa anapelekea watoto mkate. Ukimwita shahidi unamvika kanzu ambayo si yake, na mkewe unamnyima haki ya kusema kwamba jambo hili halina maana. Acha libaki bila maana, ndivyo lilivyo.

Mama, mimi ni Mkatoliki, wewe naona ni wa Kanisa la Uganda, lakini Zaburi tunazo zilezile. Soma ile ya 88. Nyingi za maombolezo zinaanza na kilio zikaishia na sifa. Hiyo haigeuki, neno lake la mwisho ni giza. Na waliokusanya Zaburi hawakuitupa. Halafu waangalie rafiki za Ayubu: siku saba walikaa naye chini kimya, wakawa rafiki wazuri kabisa. Waliharibu walipoanza kueleza.

Dhambi siioni. Msamaha si tangazo la ndoa kwamba lazima lisomwe Jumapili fulani.

Nyanya wa Bwera

Mwanangu, pole. Mimi niko Bwera, si mbali na wewe. Juni 2023 waasi wa ADF walivuka mpaka usiku wakaingia shule ya sekondari ya Mpondwe. Waliuawa watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, bweni la wavulana likachomwa moto. Mimi sikufiwa na wa tumboni, lakini nilipika kwenye matanga mpaka mikono ikanuka moshi wiki nzima. Wazazi wengine walikaa wakisubiri vipimo vya DNA, maana miili ilikuwa haitambuliki. Hebu fikiria umwambie mzazi wa namna hiyo asamehe, na bado hajajua yupi ni wa kwake.

Wahubiri walikuja wengi, na magari. Niliyemkumbuka mimi ni mwanamke mmoja, hata dini yake siijui, alikuja na jerikeni mbili za maji, akamimina kwenye pipa, akarudi kuchota nyingine. Siku nne. Hakusema zaidi ya pole.

Huyo mchungaji aliyechimba kaburi alikuwa anafanya vizuri. Angeendelea na jembe.

Okello wa Lira

Nimesita kuandika maana huku kwetu hadithi hizi zimesimuliwa sana, wageni wanazipenda. Lakini iko moja inakuhusu.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996, waasi wa LRA waliteka wasichana 139 shuleni Aboke. Sista Rachele Fassera, mtawa wa Kiitaliano, aliwafuata porini kwa miguu pamoja na mwalimu mmoja, akarudi na 109. Thelathini wakabaki. Katika wazazi wa hao thelathini alikuwamo Angelina Atyam, muuguzi na mkunga hapa Lira, binti yake Charlotte. Wazazi walikuwa wakikutana kusali pamoja. Siku moja wanasali Baba Yetu, wakafika pale pa kusamehe waliotukosea, wakanyamaza. Hawakuweza kupavuka. Walikuwa watu wa kanisa, wanaijua sala usingizini, na midomo ilikataa.

Baadaye Mama Angelina alimtafuta mama wa yule kamanda aliyekuwa na binti yake, akaenda kwake, akamsamehe yeye na ukoo wake. Wahubiri hupenda kuishia hapo. Mimi naomba usome na mengine. Kwanza, hakuna aliyempangia tarehe. Pili, hakunyamaza: walianzisha chama cha wazazi, akapiga kelele mpaka nje ya nchi. Waasi wakatuma ujumbe kwamba watamrudishia binti yake akiacha kusema. Akajibu, wote au hapana. Charlotte alitoroka mwaka 2004, karibu miaka minane.

Kwa hiyo dada, wiki saba! Mwambie mchungaji kwamba hata wale waliosamehe kweli walikwama kwanza kwenye sala.

Karani

Naongeza la dunia. Nilifanya kazi mahakamani miaka kumi na tisa. Kesi ya mauaji ni ya serikali, inaendeshwa na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Hata ukisamehe mara sabini, huwezi kuifuta, wala hakuna anayepaswa kukuambia uifute. Jaji anaweza kuwasikiliza ninyi wafiwa wakati wa kupima adhabu, lakini huko ni mbele.

Nalisema kwa sababu nimeona mchezo huu: ibada ya upatanisho Jumapili, Jumatatu wajomba wanakuja na bahasha na karatasi ya kutia sahihi, "tumalizane nyumbani." Sisemi mchungaji wako yumo. Sema tu usitie sahihi chochote usichokisoma, na shahidi yeyote, hasa mwenye duka, asibadilishe maelezo kwa kuwa kanisa limeimba. Na mtoto wako mjibu hivi: hapana, harudi puli. Kusamehe ni letu, hukumu ni ya mahakama.

Mtumishi wa Bwana

Katekista, nimekusoma. Nilizika mdogo wangu mwaka jana, na niliambiwa maneno hayahaya niliyomwandikia mama hapa. Sikuyapenda. Sijui kwa nini nimeyarudia.

Wa Upande wa Pili

Jina sitaweka. Kaka yangu yuko gereza la Luzira kwa kosa kama hilo, mwaka wa sita. Aliua mtu ambaye hakuwa na ugomvi naye, naye mwenyewe mpaka leo ukimwuliza sababu anaangalia chini.

Nakueleza habari za mama yangu. Kanisa letu nalo liliandaa ibada kama hiyo. Mke wa marehemu alisimamishwa, mama akasimamishwa, wakashikana mikono, picha zikapigwa. Mke wa marehemu alikuwa anatetemeka kama mwenye malaria. Mama alirudi nyumbani akasema: yule mtoto wamemlazimisha, na mimi nimekuwa sehemu ya kumlazimisha. Hakurudi kanisani mwaka mzima. Watu wakasema ni aibu ya mwanawe. Haikuwa hiyo.

Kama unaogopa nyumba itachomwa, hilo si la kubebeshwa mjane. Mchungaji anawajua wenye utomvu kwenye mashati. Hao ndio wasimame mbele Jumapili. Wao dhambi yao inajulikana, na migomba inahesabika.

Boda wa Hima

Hili nimelikubali. Machipukizi yanapatikana. Wakishapanda, mimi nitaleta samadi kwa pikipiki kutoka Hima, bure.

Nyanya wa Bwera

Umeona, kijana ana moyo. Tatizo ni vidole vyake.

Mama Watatu

Wasingya, asanteni nyote. Nimesoma nikarudia, mengine nimemsomea shemeji.

Nimekwenda kwa mchungaji leo na shemeji. Nikamwambia sitasimama. Nikamwambia na ile habari ya Lira, ya watu kukwama kwenye Baba Yetu, maana ni kweli mimi pale huwa nanyamaza toka mazishi, nilidhani ni mimi peke yangu. Alikaa kimya muda mrefu. Akasema aliogopa, usiku ule aliitwa akachelewa kufika, alikuta migomba imeshalala. Kumbe na yeye ana lake. Wageni wa dayosisi atawaambia wasije. Kuhusu wale vijana, shemeji amesema atawaita mwenyewe kwa majina, mchungaji awepo. Wawili tayari wamekuja kwa shemeji jioni hii, mmoja analia. Watatu wamekataa kata kata. Tutaona.

Lile la Karani nalo limenifungua macho. Kuna mjomba wa kijana ameshapiga simu mara mbili, nilikuwa sijaelewa anataka nini.

Katekista Mstaafu

Na pale kwenye sala, endelea kunyamaza mama. Walio kando yako wataitamka kwa niaba yako mpaka utakapoweza.

Mama Watatu

Naongeza hili kabla sijalala. Jana sikuchota maji, kwa hiyo leo nilikwenda bombani giza limeingia. Nilijua nitamkuta. Sikuwa nimepanga la kusema, na sikusema. Yeye aliondoa jerikeni yake chini ya bomba, haijajaa, akaweka yangu. Tukasimama tunasikiliza maji. Ilipojaa akaniuliza kama watoto wamekula. Nikasema wamekula mihogo. Akauliza, na chai asubuhi wanakunywa na nini? Nikasema mihogo pia, mkate hatujanunua tena.

Akaniinua jerikeni, akanitwika.