Zilipendwa: kwa nini sisi tukivaa bugaluu tunaonekana tunaigiza?

MtotoWaNgamiani

Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni.

Binamu yangu ana kitchen party mwezi ujao na kamati imepitisha vazi liwe la zilipendwa, miaka ya 70. Wenzangu wameshakimbilia madukani, wamenunua suruali pana na mawigi ya afro, wakajipiga picha na kutuma kwenye kundi. Wanisamehe, lakini wamekaa kikomedi.

Sasa mimi nina picha ya bibi mzaa mama. Ilipigwa studio hapa hapa Tanga, nyuma imeandikwa kwa wino 1974. Bugaluu, ile suruali ya kufunguka chini, blauzi yenye kola ndefu, raizoni (viatu vya soli nene), hereni za duara, afro. Mkono mmoja kiunoni, na wala hacheki. Alikuwa karani tu, hana cha bei mbaya hata kimoja mwilini, lakini hakuna kati yetu anayemfikia hata robo.

Tatizo letu ni nini? Na nikitaka kushonesha kama ile, nimwambieje fundi? Fundi wangu ni kijana, nikitaja bugaluu anaanza kucheka.

FundiMstaafu

Marahaba mjukuu wangu. Hapo umenigusa, maana nimekula ujana wangu wote kwenye cherehani barazani, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo.

Hizo walizonunua wenzako si bugaluu. Suruali iliyo pana tangu nyonga mpaka chini ni bwanga. Bugaluu inabana pajani, inabana mpaka gotini, halafu ndipo inafunguka. Mteja wa kiuno 26 nilikuwa namwekea goti inchi 8 na nusu, chini inchi 12 au 13, kitambaa kikiwa kimelazwa bapa mezani. Ukilegeza goti umeharibu kila kitu, hata chini ungeweka inchi 20.

Halafu kuna jambo ambalo vijana hawalijui: bugaluu unapimwa ukiwa umevaa viatu vyako. Msichana alikuwa anakuja na raizoni zake mkononi, zimefungwa kwenye gazeti, anazivaa palepale barazani ndipo nashusha futi kamba. Mbele pindo liguse kiatu, nyuma lishuke karibu na ardhi lakini lisiburure. Kiatu kisionekane, kionekane urefu tu. Ukipimwa na kandambili ukaja kuvaa soli nene siku ya shughuli, suruali inapanda juu ya kifundo na mtu anaonekana kama kaazima kwa mdogo wake.

Kitambaa nacho. Bibi yako kwa mwaka huo nakisia ni krimplini au gabadini. Krimplini ilikuwa joto, mjukuu, Dar ya Februari mtu analowa mgongo mzima, ila haikunjamani na ina uzito, inaanguka yenyewe kutoka gotini. Kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa 1968 tulipata khanga na vitenge vizuri vya pamba, lakini pamba nyepesi kwa bugaluu inasimama mbali na mguu. Tafuta kitambaa cha suti chenye uzito, na fundi akate kwa kufuata nyuzi zake. Akipindisha kidogo tu, mguu mmoja utajizungusha ukitembea.

Wavulana walikuwa wasumbufu kuliko wasichana, nikwambie ukweli. Asiye na hela ya kitambaa alikuja na suruali yake ya zamani ya kubana. Nafumua mshono wa nje kutoka gotini, napachika pembetatu ya kitambaa kingine, naipiga pasi ya mkaa, jioni anaenda dansini. Wengine walitaka pembetatu hiyo iwe ya rangi tofauti kabisa, na ikageuka fasheni yenyewe.

Kwa hiyo ukiniuliza tatizo lenu, ni kwamba nguo mlizovaa zilishonwa kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Ya bibi yako ilishonwa kwa ajili yake peke yake, na alikwenda kujaribishwa kabla haijamalizwa. Mitumba ilipofunguliwa milango katikati ya miaka ya 80 wateja wangu nusu waliondoka, siwalaumu, ilikuwa rahisi na madukani kulikuwa hakuna kitu. Lakini mkono wa kupima ulianza kufa hapo.

KijiweNongwa

Mzee heshima yako, ila tusidanganyane. Watu wa zamani mnawaona wazuri kwa sababu walipiga picha kwa mwaka mara moja, tena siku ya sikukuu, na studio nyingine zilikuwa na koti na tai za kuazimisha. Picha zao mbaya hazikuwekwa kwenye albamu. Sisi tunapiga mia kwa siku, tukiwa tumetoka kuamka. Mpeni huyo bibi simu janja tuone.

FundiMstaafu

KijiweNongwa, koti la studio nimeliona, limemvaa nusu ya mtaa. Linajulikana kwa mabega. Suruali ya huyo bibi imemkaa, haikuazimwa hiyo.

Mwl_Pangani

Kuna kitu kinakosekana hapa. Kuvaa vile kulikuwa na gharama zaidi ya hela.

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana: sketi fupi, mawigi, mkorogo na suruali za kubana, marufuku kuanzia 1 Januari 1969. Hata kabla tarehe haijafika, makundi ya vijana yalikuwa yakiwavamia wasichana Kariakoo na kuwachania nguo. Magazeti yalijaa barua za wasomaji, wengine wakiunga mkono, wengine wakiuliza utamaduni huo unaolindwa ni upi. Swali hilo lilikuwa na makali, kwa sababu miaka hiyo hiyo serikali ilikuwa ikiwashurutisha Wamasai waache lubega, shuka lao la kufunga begani, wavae suruali. Yaani msichana wa mjini anaambiwa amevaa Kizungu mno, Mmasai anaambiwa hajavaa Kizungu vya kutosha. Uganda nako Idi Amin alipiga marufuku sketi fupi mwaka 1972.

Kwa hiyo ukiona msichana wa 1974 amesimama na mkono kiunoni bila kucheka, kumbuka alikulia katika maneno hayo. Sisemi bibi yako alikuwa mpinzani wa serikali, labda alikuwa anataka kupendeza tu. Ila alijua kwamba kuna watu watamtazama vibaya njia nzima mpaka studio, na akaenda.

Msusi_Magomeni

Mimi niongelee kichwa, maana wote mmeng'ang'ania suruali.

Dada, afro ya kweli haiji kwa siku moja. Kama nywele zako ni za asili na zina urefu wa kidole au zaidi, osha, paka mafuta kidogo zikiwa na unyevu, halafu suka kwa uzi mweusi kuanzia shinani mpaka nchani, ulale nazo. Uzi unanyoosha bila moto na bila dawa. Asubuhi fumua, chukua chanuo la mti lenye meno marefu, chana kuanzia nchani ukirudi shinani. Ukianzia shinani utalia. Kisha mtu akuzunguke na mkasi akate zilizochomoza. Lazima azunguke yeye, usizunguke wewe, la sivyo duara linatoka na kona.

Na usikubali mtu akuwekee kalikiti, zile nywele za kutiwa dawa zijisokote, akikwambia ni ya enzi hizo. Kalikiti ni miaka ya 80, ile ya kulowesha kola na mito ya watu. Ukivaa na bugaluu umechanganya madawa.

Sasa samahani, hiyo picha uliyoniwekea inbox nimeikuza. Angalia paji la uso karibu na sikio la kushoto. Mstari wa nywele umenyooka mno, na kuna nywele zake mwenyewe zimechungulia chini. Dada, bibi amevaa wigi.

MtotoWaNgamiani

Nimecheka mpaka nimeitwa jikoni kuulizwa kulikoni.

Nimempelekea bibi simu nikamwonyesha maneno ya dada wa Magomeni. Akavaa miwani, akasoma, akaniuliza, "Huyo msusi ana umri gani?" Nikasema sijui. Akasema, "Ana macho." Wigi ilikuwa ya shoga yake wa ofisini, na siku hiyo walikwenda studio watatu, wakapokezana. Kwa hiyo mahali fulani kuna picha mbili nyingine zenye afro hiyo hiyo, vichwa tofauti!

Nikamuuliza kama hakuogopa, kwa yale aliyoeleza Mwl_Pangani. Anasema aliyemwogopa ni baba yake tu. Wigi ilitembea kwenye kikapu chini ya vitunguu mpaka mlangoni kwa mpiga picha.

Suruali lakini ni yake kweli, Fundi umepatia. Ilikuwa krimplini, rangi ya kahawia, alilipa kwa awamu.

KijiweNongwa

Kwa hiyo nilikuwa sahihi nusu. Naomba nusu yangu.

FundiMstaafu

Nusu ya kichwa chukua, ya kiunoni niachie.

Mjukuu, fanya hivi. Nunua viatu kwanza, kabla ya kitambaa. Kitambaa chukua mita mbili na nusu, maana fundi asiyezoea ataharibu kipande. Mwambie apime kiuno, nyonga, paja, goti na chini, vyote vitano, na paja na goti apime ukiwa umesimama, kisha umekaa, maana bugaluu iliyobana sawasawa ukisimama inaweza kupasuka ukikaa kula pilau la watu. Akicheka tena, mpe namba yangu, nitakutumia inbox. Nitamwelekeza kwa simu mwenyewe.

Na wigi, kama bibi bado anawasiliana na huyo shoga yake, muulizeni kama anayo.