Haluwa ana sukari, na Salma anaenda Lamu

*Ukoo wa Bi Zena*

Salma: Assalaam alaykum nyote. Naomba msaada, mwajua harusi ya Lamu ni wiki ijayo na mie naondoka Alhamisi kurudi ni Jumatatu, sasa Haluwa hana mtu. Si chakula tu, ni sindano saa moja asubuhi na saa moja usiku, kila siku, hairukwi. Nani yuko Mombasa siku hizo?

Khalid (Muscat): Waalaykum salaam. Haluwa ndo nani, umezaa bila kutwambia? 😂

Fatma: Paka wake yule wa rangi ya chungwa. Wewe uko Muscat huko mambo yanakupita

Khalid (Muscat): Paka anadungwa sindano??

Salma: Ana sukari

Ami Badi: Lahaula. Paka wa Mji wa Kale wanalala chini ya magari wanakula vichwa vya samaki na wanazeeka salama, huyu wa Tudor ana sukari na daktari wake. Dunia imekwisha

Salma: Ami hao wa Mji wa Kale wakiugua nani anajua? Unamwona leo kesho humwoni. Huyu mwenyewe wa kwanza alihama nyumba akamwacha ngazini, yule mama anaeokota paka akamchukua, akakaa kwake hakuna anaemtaka, kila mtu akija akisikia sindano anachagua kitoto anaondoka. Mie nilienda kupeleka mablanketi tu wallahi. Nikamkuta ameinamia ndoo ya maji haachi, anakojoa mpaka mchanga wake wote tope, anakula hashibi na bado uti wa mgongo unauona. Na miguu ya nyuma alikuwa akikanyagia visigino, kama mtu aliovaa kandambili za baba yake

Zuhura: Hiyo ya visigino ni mishipa ya fahamu, sukari ikikaa juu muda mrefu inaiharibu. Kwa paka unaiona miguu ya nyuma. Sukari ikishuka wengi wanarudi kutembea sawa, ila polepole

Salma: Sasa hivi anaruka mpaka juu ya kabati da Zuhura, mashaallah

Bibi (anaandika Tima): Alipewa nini huyo paka mpaka akapata sukari? Tende?

Zuhura: Bibi hata bila tende. Paka wengi ni ile aina ya pili, kama yako. Wanaoshikwa sana ni madume waliohasiwa, umri umekwenda, wanene, wanashinda ndani wanalala. Na wengine ni dawa za steroidi walizopewa kwa ugonjwa mwengine

Bibi (anaandika Tima): Dume, mzee, mnene, anashinda ndani analala. Badi, wasikia?

Khalid (Muscat): 😂😂😂😂

Ami Badi: Mie natoka Bibi. Naenda msikitini na kurudi

Tima: Hii sasa ni mimi Tima si Bibi. Salma nikwambie kitu, siku ile ulipomleta Haluwa huku Bibi alimpa hamri

Salma: BIBI

Bibi (anaandika Tima): Nusu. Na alinililia yeye

Salma: Bibi tafadhali, hamri hapana, wali hapana, chapati hapana, maziwa hapana. Daktari amesema wanga ndio adui, anakula chakula cha mkebe kile laini cha nyama, kikavu cha paketi nimeacha kabisa sababu kina wanga mwingi. Ukitaka kumpa kitu mpe kuku wa kuchemsha, bila chumvi bila kitunguu. Kitunguu ni sumu kwao hata mzima

Zuhura: Na mwajua paka hasikii utamu? Kabisa. Jeni ya ulimi inayoonja utamu kwao haifanyi kazi, wanasayansi waliligundua 2005, duma naye hivohivo. Kwa hivo Bibi, Haluwa alichokuwa anakililia si sukari ya hamri, ni mafuta na tui

Khalid (Muscat): Yaani amepata ugonjwa wa sukari na hajawahi kuionja. Dhulma hii

Ami Badi: Mie nina swali la maana. Nimeskia hizo dawa za sindano, hizo insulini za wanyama, zinatoka kwa nguruwe. Kweli ama uongo?

Salma: Kweli Ami. Hii aliyonipa daktari ni ya nguruwe

Ami Badi: Astaghfirullah. Na iko kwenye friji ya chakula?

Salma: Iko kwenye chupa, chupa iko kwenye boksi, boksi liko mlangoni mwa friji. Haigusi samaki wako Ami

Zuhura: Kuna sababu. Insulini ya nguruwe ni sawa kabisa na ya mbwa, kwa hivo dawa ilitengenezwa kwa mbwa kwanza. Ya paka inakaribia zaidi ya ng'ombe, tofauti ni asidi amino moja tu, yaani kipande kimoja kidogo cha hiyo insulini, ila hata hii ya nguruwe inamfanyia kazi. Asiyeitaka kuna glajini, ile ya binadamu, inatengenezwa na bakteria, na madaktari wengi wa paka ndio wanaipenda. Salma muulize daktari wako ukirudi kutoka Lamu, si sasa. Usibadilishe dawa siku chache kabla ya safari

Bibi (anaandika Tima): Badi, marehemu babu yenu alidungwa hiyohiyo miaka yote. Ya nguruwe ama ya ng'ombe, hapakuwa na nyengine. Alikwenda kwa shehe akaambiwa dharura, akarudi nyumbani akadungwa akala. Wewe ulikuwa mdogo unacheza gololi

Zuhura: Bibi yuko sawa, ya binadamu iliyotengenezwa na bakteria ilianza kuuzwa 1982. Kabla ya hapo dunia nzima ilikuwa inategemea kongosho za wanyama wa machinjioni, ndimo insulini inamotoka

Ami Badi: Sikujua hilo la Baba. Haya

Fatma: Turudi kwa Alhamisi jamani. Mie naeza asubuhi, napita hapo Tudor nikienda kazini. Usiku siwezi, nna watoto na masomo yao

Salma: Allah akuzidishie. Basi imebaki usiku. Da Zuhura?

Zuhura: Wiki ijayo niko zamu ya usiku mwanangu. Ningeweza ningekuja

Rukia (Minneapolis): Nimeamka nakuta meseji mia. Salma huku kuna vidonge vya paka siku hizi, vilipitishwa Disemba 2022, kidonge kimoja kwa siku hakuna sindano. Nikutumie?

Zuhura: Usitume khalati. Ile ni bexagliflozini, inafanya figo zitoe sukari kwenye mkojo. Ni ya paka ambae hajawahi kuanza insulini. Haluwa ashaanza, ukimpa hiyo anaweza kuingia kwenye ketoni, yaani damu inajaa asidi, na hiyo inaua haraka, tena kipimo cha sukari kinaweza kuonyesha sawa huku mwili unaharibika

Rukia (Minneapolis): Aa basi. Nilidhani nasaidia

Salma: Khalati nitumie stripu za kupimia, hizo zinasaidia kweli. Namtoboa ukingoni mwa sikio, tone dogo tu. Kwa daktari akiwekwa juu ya meza sukari inapanda kwa uoga peke yake, kwa hivo vya nyumbani ndo vipimo vya kuaminika

Bibi (anaandika Tima): Mbona tunanunua vitu viwili viwili. Mie nna sindano zangu za insulini boksi zima, mpe paka

Salma: La Bibi la la la. Zako ni zile za kifuniko cha rangi ya chungwa, zimepimiwa dawa ya yuniti 100 kwa mililita. Yake ni ya yuniti 40, sindano zake ni kifuniko chekundu. Ukivuta yake kwa bomba lako mpaka mstari wa 2 hujampa hata moja. Na mtu akivuta yako kwa bomba lake anapata mara mbili na nusu, hiyo ndo inatisha

Zuhura: Andika kwa kalamu nene kwenye boksi. HALUWA NYEKUNDU. Na dawa ya Bibi isikae friji hiyo

Salma: Ya Bibi iko kwake Kibokoni, haiji huku

Ami Badi: Nataka kujua tu, si kwamba nimekubali. Huyo paka anauma?

Fatma: 👀

Salma: Haumi Ami. Hata hajui. Unamwekea chakula, anaanza kula, wewe unamshika ngozi ya ubavuni unaivuta juu kama hema, unaingiza sindano chini ya ngozi, unasukuma, umemaliza. Sindano yenyewe nyembamba kuliko ya kushonea. Wewe uko gorofa ya chini yangu, magharibi ikisha ukitoka msikitini unapanda tu

Ami Badi: Na asipokula?

Salma: Asipokula usimdunge, nipigie. Mimi ama daktari, namba nimeibandika kwenye friji. Sindano na tumbo tupu ndo hatari

Ami Badi: Na nikidunga nikaona manyoya yamerowa, sijui imeingia ama haikuingia?

Zuhura: Usirudie Ami. Hata kama unahisi imemwagika yote. Sukari kuwa juu kidogo mpaka asubuhi haimuui, kumdunga mara mbili kunaweza kumuua

Ami Badi: Na dalili zake za kushuka?

Zuhura: Anayumba, analegea, anatetemeka, macho yameduwaa, ikizidi ni kifafa. Hapo unampaka asali kwenye ufizi, unampaka tu usimmiminie mdomoni atapaliwa, halafu mbio kwa daktari hata kama ameamka

Bibi (anaandika Tima): Asali kwa mwenye sukari?

Zuhura: Bibi wewe mwenyewe una glukosi kwenye kipochi chako kwa ajili hiyohiyo

Bibi (anaandika Tima): Ile nampa Tima

Tima: Ni kweli 😅

Zuhura: Tima!! Nunua nyengine leo umrudishie. Sifanyi mzaha

Khalid (Muscat): Na umeme ukikatika usiku kucha dawa haitaharibika? Mombasa joto hilo

Salma: Friji isifunguliwefunguliwe, masaa machache haina neno. Ikipita usiku mzima naitia kwenye kikombe ndani ya mtungi wa udongo wa Bibi ule. Kinachoiua kabisa ni kuganda, kwa hivo Ami usije ukaiweka kwenye friza ukidhani unaihifadhi

Ami Badi: Mie sijakubali bado mwaniamrisha friza

Fatma: Ami umeuliza maswali kuliko sisi wote

Ami Badi: Salma, hii sindano ni ya maisha?

Salma: Si lazima Ami. Paka wengine wakishikwa mapema na kuachishwa wanga, kongosho inapumzika inaanza tena kazi, wanaachishwa sindano kabisa. Yake imekuwa ikishuka, daktari amepunguza dozi mara moja tayari. Lakini si mimi wala wewe wa kuamua hilo, yuniti 2 ni yuniti 2 mpaka daktari aseme. Na hata akiachishwa inaweza kurudi

Bibi (anaandika Tima): Mie mbona hamkuniambia naweza kuachishwa?

Zuhura: Bibi tulikwambia. Uliacha chapati siku moja

Ami Badi: Mimi nimetoka kununua chungwa

Fatma: Chungwa la nini?

Ami Badi: Zuhura kaniambia pembeni wanafunzi wa unesi hujifunzia kwenye chungwa. Salma nishushie sindano moja ya kifuniko chekundu na maji, nijaribu kabla ya Alhamisi. Usiniletee dawa, maji tu

Salma: Nakuja sasa hivi Ami, na Haluwa nakuja nae akuzoee

Ami Badi: Paka mwache. Nianze na chungwa

Fatma: Asubuhi mie, usiku Ami. Kila mtu akimaliza aandike hapa amekula ama hajakula na saa ngapi, ili asidungwe mara mbili. Na Bibi akija kumtembelea apekuliwe mkoba

Bibi (anaandika Tima): Kuku wa kuchemsha si mmesema ruhusa?

Salma: Ruhusa Bibi. Bila chumvi

Bibi (anaandika Tima): Basi nakuja Ijumaa baada ya sala, Badi nipitie Kibokoni unichukue