Wakuu, mtoto wangu ana mtindio wa ubongo. Nimpeleke kijijini kwa mama?

Baba wa Mbagala: Habari za jioni wakuu. Mwanangu wa kiume ana mwaka na miezi minne. Shingo haijakaza, miguu imekakamaa, ukimsimamisha inapishana kama mkasi. Hospitali wamesema ni mtindio wa ubongo. Mama yangu yuko Handeni, anataka akae naye. Mke wangu hataki kusikia. Nyumbani hakuna amani. Nauli ninayo, nishaurini.

Mzigua Asilia: Mpeleke mkuu. Wangu alichelewa kutembea, bibi yake akamchimbia shimo akawa anamsimamisha humo kila asubuhi. Leo anacheza mpira balaa.

Mama Pacha: Huyo wako alichelewa tu. Pacha wangu mmoja anao mtindio. Walizaliwa njiti, yeye akapata manjano makali. Jeraha la ubongo lenyewe haliongezeki, ila asiponyooshwa misuli viungo vinajikunja. Baba, msimlishe amelala chali, chakula kikiingia njia ya hewa nimonia haziishi. Alilia alipozaliwa? Degedege anapata?

Baba wa Mbagala: Hakulia. Uchungu ulichukua muda mrefu, akawekewa oksijeni. Degedege zilikuwepo, sasa hivi anatumia dawa za asili.

Mama Pacha: Za hospitali mmeacha?

Mtumishi: Mtoto ni zawadi kutoka kwa Mungu. Wazazi wa siku hizi hamfungi, hamuombi, mnakimbilia mitandaoni.

Mama Pacha: Baba wa Mbagala, nimekuuliza. Mmeacha?

Baba wa Mbagala: Dada, fenobabito ilikuwa inamlaza kutwa, hata kucheka hacheki. Mtaalamu wa kule Handeni kasema dawa za pande mbili hazichanganywi, na nusu ya pesa yake nimeshamlipa. Halafu mama anasema mtoto kabemendwa, eti mama yake alitoka nje ya ndoa akiwa ananyonyesha. Simtuhumu mke wangu, lakini acha kwanza mtoto awe mbali naye.

Kijana wa Tandale: Kumbe kesi ya ndoa hii! Hamishia jukwaa la mahusiano 😂

Jicho Kavu: Chai. Akaunti ya leo leo, habari inatoka vipandevipande. Kesho itawekwa namba ya kuchangia.

Mzigua Asilia: Nami nilianza kushtuka. Modereta, fungeni uzi.

Baba wa Mbagala: Nimeomba hata mia ya mtu hapa?

Tiba Viungo: Hata ingekuwa chai, kuna mzazi mwingine anasoma, kwa hiyo najibu. Kazi yangu ni mazoezi tiba. Mtoto aliyechelewa kupata hewa akizaliwa, ubongo unaweza kuumia. Mama anaambiwa kabemenda, wakati ndiye anayeamka usiku kumgeuza. Inaniuma kila ninapoisikia kliniki. Fenobabito haikatwi ghafla: degedege zinaweza kurudi mfululizo zisikatike, na hizo zinaua. Kama inamlaza mno, daktari atapunguza dozi au atabadilisha dawa. Mtindio hauna dawa ya kuuondoa, awe mganga au hospitali. Kinachomsaidia ni mazoezi ya kila siku, kukalishwa vizuri, kiti chake maalumu. Hospitali ya CCBRT pale Msasani wanawahudumia watoto hawa, Muhimbili pia. Handeni nani atamfanyia mazoezi?

Baba wa Mbagala: Mama yangu kalea watoto wengi, atajifunza. Vidonge vimebaki. Nianze kumpa usiku huu?

Tiba Viungo: Usijipimie. Leo ameshtukashtuka?

Baba wa Mbagala: Tangu alasiri mkono wa kushoto unajirusha, unatulia, unaanza tena. Mama yake anasema ni zenyewe.

Tiba Viungo: Tokeni sasa hivi, hospitali yoyote iliyo karibu. Beba vidonge na dawa za mganga pia wazione. Mama yake ndiye aeleze, yeye kashinda naye.

Jicho Kavu: Kama ni kweli, tupe mrejesho.

Mama Pacha: Mrejesho baadaye. Baba, njiani mlazeni ubavu, msimtie kijiko wala kidole mdomoni, na angalieni saa inapoanza na inapokoma. Daktari ataliuliza hilo.