Kick-Ass 2: filamu na katuni zinatofautianaje?

Msomaji wa Kisauni:
Assalamu alaikum, ndugu zangu wa Mombasa. Nimeitazama Kick-Ass 2, filamu ya mwaka 2013 kuhusu watu wa kawaida wanaojivika usuperhero na kupigana na wahalifu. Kwa mliosoma kitabu cha katuni cha Mark Millar na John Romita Jr. ilichotokana nacho, ni yapi yaliyobadilishwa?

Mkaazi wa Likoni:
Waalaikum salaam. Katunini adui mkuu anawaua watoto kwa risasi, na mbwa wa Kanali, kiongozi wa kundi la mashujaa, naye anauawa. Filamu imeliacha tukio la watoto na kumnusuru mbwa, uamuzi ninaouunga mkono kwa dhati, kwa kuwa ukatili uliokithiri huua hata kicheko. Hata hivyo, Jim Carrey, aliyemwigiza Kanali, alijitenga na ukatili wa filamu hiyo kabla haijatoka.

Dada wa Mji wa Kale:
Kaka, naafiki kuhusu watoto, ila tatizo kubwa ni Mindy, msichana shujaa aitwaye pia Hit-Girl. Masaibu yake shuleni yametoka katika kitabu kingine cha katuni, kiitwacho Hit-Girl, ambamo yeye bado ni mtoto mdogo. Filamu imemfanya msichana wa sekondari, na hapo kejeli kali ya mtoto anayepigana kama askari imefifia mno.

Msomaji wa Kisauni:
Ahsanteni sana. Basi nitaanza na Hit-Girl, kisha nisome Kick-Ass 2.