Kuhifadhi lugha ya alama: ELAN, HamNoSys au nukta za MediaPipe?

Mkusanyaji: Nina video za mazungumzo ya viziwi, wawili wawili, kamera tatu kila kikao. Nataka kamusi ya video pamoja na hazina ya mazungumzo inayotafutika. Nianze na njia ipi?

Tabaka4: ELAN, programu ya kuandika maelezo sambamba na video, bila kusita. Ni ya bure, imetoka Taasisi ya Max Planck kule Nijmegen, na faili lake la .eaf ni XML (maandishi ya kawaida yenye lebo), kwa hiyo hata programu ikiachwa maandishi yatasomeka. Kila msemaji mpe matabaka (mistari ya maelezo) manne: mkono wa kulia, wa kushoto, uso na kinywa, tafsiri. Hifadhi mpangilio huo kama kiolezo (.etf) ili wote waanzie mahali pamoja.

Kinachoua hazina nyingi ni glosi, yaani neno linaloandikwa kuwakilisha alama. Huyu akiandika NYUMBA, yule MAKAZI, kwa alama ileile, utafutaji umekwisha. Kila alama iwe na jina moja la kudumu linalochaguliwa kwenye orodha funge, si kuchapwa upya. Alama tofauti zenye maana moja zipe namba: NYUMBA-1, NYUMBA-2.

Kiganja: Sawa, ila glosi haisemi alama ina umbo gani. Ukitaka kutafuta “ngumi kidevuni” utakwama. Hapo ndipo HamNoSys ya Hamburg, mfumo wa kuandika umbo la alama, inafaa: umbo la kiganja, mwelekeo, mahali na mwendo, vyote kwenye mstari mmoja. Mfumo mwingine, SignWriting ya Valerie Sutton (1974), unaonyesha uso vizuri zaidi, lakini umepangwa kama picha, hivyo kuutafuta ni kazi.

Tabaka4: Kwa vidahizo (maingizo) vya kamusi nakubali. Kwa mazungumzo ya saa nzima, hapana, hutamaliza.

NuktaNukta: MediaPipe Holistic, programu inayotambua mwili kwenye video, hutoa nukta 33 za mwili, 21 kwa kila mkono na 468 za uso. Inasaidia kukisia alama inaanzia na kuishia wapi, lakini mtu lazima ahakiki. Mikono ikipishana au kiganja kikiziba mdomo, nukta huruka au hupotea, na lugha za alama zimejaa miguso ya aina hiyo. Ichukulie kama nyongeza. Anayefuta video akabaki na nukta amefuta lugha.

Shata250: Kabla ya yote hayo, angalieni picha yenyewe. Fremu 50 kwa sekunde, shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) sekunde 1/250, taa ya kutosha, la sivyo vidole vitakuwa ukungu na hakuna programu itakayovirudisha. Simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu inayobadilika. Ndani ya ELAN video za kamera hizo zitaachana muda kidogo kidogo. Nyoosha kwanza kwa programu ya ffmpeg:

ffmpeg -i ghafi.mov -vf fps=50 -c:v libx264 -crf 18 -g 25 kazi.mp4

Hiyo -g 25 hurahisisha kusogea fremu kwa fremu. Video ghafi isiguswe. Mwanzoni piga kofi moja mbele ya kamera zote, ulitumie kuzioanisha.

Mkusanyaji: Na faragha? Nizibe nyuso?

Kiganja: Ukiziba uso umeondoa sarufi: nyusi hubeba swali, kichwa hubeba ukanushi. Badala yake omba ridhaa kwa ngazi (utafiti tu, kamusi, hadharani), ielezwe na kurekodiwa kwa lugha ya alama yenyewe. Ngazi hiyo iandikwe kwenye taarifa za kila faili, maana fomu ya karatasi haisafiri na video.