Naombeni ushauri: vigae vya mapambo kwenye bwawa jipya la kuogelea, Arusha

Mleta mada
Wakuu, habari za leo. Najenga bwawa dogo nyumbani, Njiro. Zege lina wiki mbili na fundi anataka kuanza vigae Jumatatu. Kwenye usawa wa maji nataka mkanda wa mozaiki ya kioo (vigae vidogo vidogo vya kioo) wenye rangi za shanga za Kimaasai, na sakafuni picha ya twiga. Fundi anasema atabandika kwa saruji ya kawaida, mistari azibe kwa saruji nyeupe, kesho yake tujaze maji ya kisima. Mozaiki ya kioo ni ghali, sitaki ije ibanduke. Waliopitia hili naombeni msaada.

Fundi wa Sakina
Mkuu, msimamishe kwanza. Zege lipe siku 28. Halafu jaza maji bwawa likiwa hivyo hivyo bila vigae, maana ukigundua linavuja baada ya vigae utabomoa kila kitu. Weka ndoo ya maji kwenye ngazi ya bwawa, tia alama ya usawa ndani ya ndoo na ukutani. Siku ya pili linganisha. Maji ya bwawa yakishuka kuliko ya ndoo, hilo si jua, linavuja. Likishapona ndipo upake dawa ya kuzuia maji, mikono miwili, yaani tabaka mbili.

Mama Kijenge
Saruji ya kawaida haishiki kioo, kaka, kwa sababu kioo hakinyonyi maji. Nunua gundi ya vigae vya bwawa, na iwe nyeupe: ya kijivu itaonekana kwa nyuma na rangi za shanga zitafifia. Gundi isawazishwe kabla ya kubandika, pasibaki uwazi wowote chini ya kigae.

Mdau wa maji
Hapo kwenye kisima ndipo penye kazi. Maji mengi ya visima kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi na kalsiamu kidogo, na maji yenye kalsiamu kidogo huila saruji ya kwenye mistari taratibu mpaka inakuwa na vishimo. Mimi ningeweka grauti (kijazio cha mistari kati ya vigae) ya epoksi, ambayo si ya saruji. Usipoiweza bei, pima maji: ugumu wa kalsiamu (unaohesabiwa kama kalsiamu kaboneti) ufike miligramu 200 hadi 400 kwa lita, pH (kipimo cha uasidi) iwe 7.2 hadi 7.6.

Mleta mada
Asanteni sana. Jumatatu nimeshaiahirisha. Nikimaliza, nisubiri muda gani kujaza?

Fundi wa Sakina
Fuata maelezo ya kwenye mfuko wa gundi na grauti, ila kwa baridi ya Juni na Julai hapa kwetu usishuke chini ya wiki mbili. Jaza asubuhi mapema, polepole. Kioo kilichopigwa na jua la mchana kikikutana na maji baridi kinaweza kupasuka. Pembe za ukuta na sakafu ziba kwa silikoni ya bwawa, usitie grauti. Na twiga mpange kwanza bila gundi, umtazame kutoka upande mtakaokaa, maana maji yatamfanya aonekane mfupi.

Mleta mada
Basi shingo naiongeza.