Wiki moja Kongo-Central: Muanda tu, au tupite pole pole?

Baba Pacha, Katuba
Wandugu, mwezi wa saba tunapanda Kinshasa kwa ndoa ya shemeji yangu, kisha tunabaki na wiki nzima. Watoto hawajaona bahari. Maji makubwa wanayoyajua ni ya Ziwa Tshombe. Mama yao anataka twende Muanda, kule pwani, moja kwa moja, mchanga na samaki, basi. Mimi naona uchungu kulipita jimbo lote tukisinzia garini. Mwenye kufika huko atuambie kuna nini njiani. Wadogo wana miaka sita.

Mzee Transita, Kampemba
Baba Pacha, miaka ile ya Matadi nilikuwa natoa mizigo bandarini, na siku za kungoja karatasi nilikuwa natembea. Bahari ya Kongo ni fupi, pwani yote haifiki kilometa 50. Utamu wa jimbo lile uko nyuma yake.

Shikeni RN1, barabara kuu ya taifa, ile ile inayopita kwetu Lubumbashi kwenda Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia. Shukeni Kisantu kwenye bustani ya mimea iliyoanzishwa na Frère Gillet, Mjezwiti. Miti ya kutoka pande zote za dunia, na nafasi ya watoto kukimbia. Mto Inkisi unaopita hapo ndio unaodondoka Zongo, maporomoko ya mita 60 na zaidi. Njia ya Zongo ni ya udongo, lakini kiangazi inapitika kwa gari lenye miguu mirefu.

Mbanza-Ngungu bebeni masweta. Ni mlimani, Wabelgiji walikuwa wanapanda huko kukimbia joto. Katika mapango ya upande ule mnaishi samaki weupe wasio na macho, Caecobarbus, wanaolindwa na sheria. Pacha hawatalala kwa maswali.

Matadi ni mawe na ngazi, joto linatoka chini na juu. Daraja lake lilijengwa na Wajapani, likafunguliwa 1983, mita 722, na mto chini yake una hasira kweli. Mkivuka mnaelekea Boma, iliyokuwa mji mkuu kabla ya Léopoldville, Kinshasa ya leo. Kuna mbuyu wenye tumbo wazi unaoitwa wa Stanley, na kanisa kuukuu la chuma. Kabla ya Boma mnakatiza msitu wa Mayombe, hifadhi ya Luki; nunueni nsafu, yale matunda ya zambarau, barabarani kama msimu haujaisha.

Dada wa Kadutu, Bukavu
Sisi wa Kivu maji hayatushangazi, lakini mikoko ya Banana, karibu na Muanda, ilinishinda. Mtumbwi unaingia kati ya mizizi, kimya, na wavuvi wanakuonyesha mahali nguva anapita. Ni hifadhi tangu 1992.

Ila Baba Pacha, mama asitarajie buluu ya picha. Mto Kongo unamwaga matope yake palepale, na Julai mbingu ni ya kijivu siku nzima. Mawimbi nayo yanavuta, si kama ziwa. Mshike watoto mkono. Usiku mtaona moto wa visima vya petroli ukiwaka baharini, wataupenda.

Baba Pacha, Katuba
Aksanti sana. Mzee, na bwawa la Inga? Natamani kuona umeme wetu unakozaliwa.

Mzee Transita, Kampemba
Haki yako, kwa sababu laini ya Inga hadi Kolwezi, karibu kilometa 1,700, ilivutwa kwa ajili ya migodi ya huku. Lakini hawafungui mlango bila ruhusa. Iombeni kwa maandishi mkiwa bado Lubumbashi, la sivyo mtaona nguzo tu. Kama mama ni Mkimbangu, wa kanisa la nabii Simon Kimbangu, hesabuni pia siku ya Nkamba, mji wa nabii huyo. Alifia hapa kwetu, gerezani, 1951. Mkikosa siku, kateni Zongo, msikate Boma.